Tuta Nililolifukua

Mimi si mtu wa kukaa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshasimama, nimekwenda mlangoni, nimesikiliza mashine kama inasaga sawasawa, nimerudi. Mashine nikiisikia tu najua mkanda umelegea au haujalegea, na hilo sikufundishwa na mtu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikimbia kabla halijaisha. Lakini mahindi ya vijiji vingapi vya huku Ufipa yanapita mikononi mwangu kabla hayajaondoka kwenda Mbeya, waulize wengine. Mimi nikisema mtasema najisifu. Na kweli najisifu. Nikae nimngoje nani anisifu?

Nilianza na baiskeli. Nilikuwa nashuka Kabwe, ziwani, nachukua dagaa, napanda nao mlima hadi Namanyere. Napanda nikisukuma, maana baiskeli yenye mzigo mlimani haiendeshwi, inaswagwa kama ng'ombe mkaidi. Kutoka dagaa nikaingia kwenye maharage, kutoka maharage mashine ya kwanza ya kusaga, kisha ya pili, kisha fuso, kisha nyumba hii ya Sumbawanga mjini. Mjomba hakunipa, serikali haikunipa. Nilikuwa napenda kuyasema hayo kwenye vikao vya harusi na hata kwenye misiba: mimi sikupewa kitu. Mke wangu akinisikia alikuwa anainamisha kichwa, anajifanya anatengeneza kitenge chake.

Huyu mke ndiye habari yenyewe. Tumeishi pamoja tangu siku za dagaa, watoto tumezaa, wamekua, wametawanyika. Mahari nilitoa na wazazi waliridhia, ila ndoa ya kanisani hatukufunga. Sababu ilikuwa moja, na mimi niliiona ya maana sana: sikutaka kusimama mbele ya Mungu na suruali ya kuazima. Nikasema ngoja nipate mashine. Nikapata mashine, nikasema ngoja nijenge. Nikajenga, nikasema ngoja fuso, tutakwenda na msafara mji mzima ujue. Kila mwaka harusi ile ilizidi kunenepa kichwani mwangu.

Mwenzangu huku, kila Jumapili, wakati wa komunyo watu wanapanga mstari kwenda mbele, yeye anabaki kwenye benchi, maana asiye na ndoa ya kanisa hakomuniki. Anapindisha magoti pembeni ili wenzake wapite. Kwetu kila mtu anajua nani anasimama na nani anabaki.

Basi mwaka mmoja, mvua zikielekea mwisho, akaanza kuumwa tumbo. Hospitali wakaona uvimbe. Wakasema aende Mbeya akapasuliwe, wakatupa tarehe, na tarehe yenyewe ilikuwa kabla ya Pasaka. Tuliporudi nyumbani nilianza kupiga simu. Nilimpigia kila mtu niliyewahi kumbebea mzigo. Nikauliza daktari mkubwa kuliko wa Mbeya yuko wapi, nikauliza Dar, nikafika hadi kuulizia India. Yeye alikuwa jikoni anachambua maharage. Akasema bila kuinua uso:

"Baba watoto, kaa."

"Nikae vipi?"

"Kama watu wanavyokaa. Vuta ndoo hiyo."

Nikaipindua ndoo, nikakaa.

"India sitaki. Mbeya panatosha," akasema. "Nataka mambo mawili kabla sijaenda. Nataka nikomunike. Na nataka kipande changu kule kijijini kilimwe ntumba, msimu usinipite."

Ntumba ni yale matuta ya mviringo tunayolima sisi Wafipa mvua zikiwa zinaisha. Nyasi zinafyekwa, zinalundikwa, halafu udongo unageuzwa juu yake mpaka zinafunikwa zote. Zinaozea humo ndani kiangazi kizima. Mvua za mbele zikija, tuta linasambazwa na panapandwa ulezi. Mimi nilishaachana na mambo hayo, mashamba yangu yanalimwa kwa trekta na mbolea ya mfuko. Lakini yeye alikuwa na kipande alichoachiwa na mama yake, na trekta langu halikuwahi kukikanyaga.

"Ntumba kesho naweka vibarua," nikasema. "Na ndoa, wewe pona tu. Pasaka ikipita nafanya harusi ambayo..."

"Sijasema harusi. Nimesema nikomunike."

Akaendelea kuchambua. Mawe madogo alikuwa anayatupa mlangoni, moja lilinipiga kwenye kiatu.

Padre wetu ni kijana, anaweza kuwa mwanangu wa pili. Nilimkuta amechuchumaa anakaza mnyororo wa pikipiki yake. Mimi huwa sizunguki. Nilimwambia: kanisa linavuja, mimi nitaezeka lote upya, bati la mgongo mpana, na kengele juu yake, mke wangu akipona.

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Na asipopona, mzee?"

Nikatazama paa. Yeye akaendelea:

"Utakuja kuzifungua bati?"

"Padre, hiyo ni namna ya kuongea tu. Biashara ndivyo ilivyo, unatanguliza neno lako."

"Bati lete siku yoyote, tunalowa kweli. Ila usiziweke kwenye mzani, mke wako upande mmoja na bati upande mwingine."

Kisha akanieleza. Ilikuwa Kwaresima. Kama nataka harusi ya shangwe, nisubiri Pasaka. Kama nataka kabla ya Mbeya, inawezekana, ila ni misa ya asubuhi siku ya kazi, sisi wawili na mashahidi wawili. Hakuna tarumbeta, hakuna maua, hakuna msafara.

"Na sisi tunaleta nini?"

"Mnajileta."

"Kujileta tu?"

"Ukiweza," akasema, akarudi kwenye mnyororo wake.

Maneno hayo yalinikera njia nzima. Ukiweza! Mimi niliyesukuma dagaa kutoka Kabwe.

Kabla ya kubariki ndoa ilibidi nipite kwa katekista nikumbushwe mafundisho. Katekista huyu ni rika langu, tulikaa tofali moja darasani, yeye akaendelea hadi la saba, mimi nikashuka ziwani. Miaka yote nilikuwa namsalimia kupitia dirisha la fuso bila kuzima injini. Sasa nimekaa kwenye ngazi za kigango, yeye juu, mimi chini.

"Haya bosi. Neema ni nini?"

Nikamjibu vizuri, bila kusita: "Neema ni malipo ya Mungu kwa mtu anayejituma."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana la nne lilikushinda."

"Basi nieleze wewe wa la saba."

"Malipo ni malipo. Neema ni kitu unachopewa na hukukifanyia kazi, wala huwezi kukifanyia kazi."

"Hiyo ni ruzuku ya mbolea."

"Ruzuku unapanga foleni na kitambulisho. Hii inakufuata nyumbani kwako, na wewe umejifungia ndani unahesabu magunia."

"Na imani?"

"Imani ni kunyoosha mkono upokee."

Nikautazama mkono wangu. Ni mkono mpana, una alama ya usukani. Nikamwambia ukweli, mkono wangu umezoea kuwa wa juu. Anayenyoosha wa chini ni mwingine.

"Hapo ndipo mafundisho yako yalipo," akasema. "Mengine yote unaweza kuyakariri."

Nikaondoka na hasira. Mtu ambaye baiskeli yake haina breki ananifundisha kupokea.

Siku ya ntumba nilijipanga kama mtu anayejua kazi. Nikapakia vibarua kwenye fuso. Nikapakia na kreti za soda na bia, maana kwetu ukiita watu kulima ntumba lazima wanywe. Kawaida mama wa nyumba ndiye anayepika pombe ya ulezi mapema, na wangu hakuwa na nguvu ya kupika. Nikaona nimeweka mambo sawa kuliko kawaida. Mke wangu alikaa na mimi mbele, ameshika tumbo kila tukiruka shimo.

Tulipofika shamba lilikuwa limejaa watu. Wanawake wa jumuiya yake, wengine na waume zao, wameshafika mbali na kazi. Pembeni yamepangwa madumu ya njano yamejaa pombe ya ulezi waliyopika majumbani kwao. Anayewaongoza ni bibi mmoja jirani wa kule kijijini, mfupi, sauti kama filimbi ya mwamuzi.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Nani kawaita?"

"Marahaba. Tumbo la mkeo limetuita."

"Mngeniambia. Nimeleta vibarua, nimeleta vinywaji. Basi kazi mliyokwisha kufanya nitawalipa."

Jembe likasimama hewani. "Unilipe mimi? Mtoto wako wa kwanza nilimpokea kwa mikono hii, wewe uko Kabwe na dagaa wako. Hapo ulinilipa?"

"Hukuniambia bei."

"Bei ilikuwepo?"

Shamba zima likacheka. Mwingine akadakia kutoka kwenye nyasi, "Shemeji, hizo chupa rudisha mjini, zitachemka bure." Vibarua wangu waliteremka, wakasimama kidogo, halafu nikawaona wanasogea taratibu kwenye madumu.

Nikavua koti nikachukua jembe. Kulima najua, hata hao wanawake wanajua kwamba najua. Yule bibi akanipokonya.

"Nyumba yenye mgonjwa hailimi. Kaa hapo na mwenzio."

"Mama, mimi siumwi."

"Kaa."

Nikakaa juu ya kreti la soda, pembeni ya shamba la mke wangu mwenyewe, na viatu vya mjini. Yeye alikuwa kwenye mkeka karibu yangu. Nikaletewa pombe kwenye kikombe cha plastiki. Mimi ndiye ninayenywesha watu, kila baa ya hapa mjini wanajua. Sasa nimeshikishwa kikombe. Miguu ikawa inacheza yenyewe. Nikasema lile tuta la pale halijafunikwa vizuri. Nikasema wale wa kule wanaacha nyasi nje.

"Kunywa," mke wangu akasema. Alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa kitenge, na kwa namna alivyoshika ubavu nilijua kucheka kulikuwa kunamuuma.

Katekista naye alikuwemo. Analima vibaya, mgongo umepinda kama ndoano. Alipopita karibu akaniambia, "Leo mafundisho kwa vitendo, bosi." Nikanywa.

Ndoa ikabarikiwa asubuhi moja yenye ukungu, baridi ile ya Sumbawanga inayoingia mpaka kwenye meno. Kitubio tulishafanya. Yeye alivaa kitenge na sweta. Mimi nilivaa suti, na mfukoni nilikuwa na bahasha ya sadaka, nene. Mlangoni pa kanisa akaingiza mkono mfukoni mwangu kama mtu anayetafuta funguo, akaitoa, akarudi nayo kwenye gari, akaiacha juu ya kiti.

"Leo hapana," akasema.

Nikaingia hivyo hivyo. Sikujua mikono niiweke wapi. Niliiweka nyuma, nikaona nimekuwa kama askari. Nikaileta mbele, nikaona nimekuwa kama mwizi aliyekamatwa. Padre akauliza, tukaitika. Ilipofika komunyo mke wangu akasimama. Kwenye benchi letu walikuwepo wanawake wawili watatu waliokuja misa ya asubuhi. Wakapindisha magoti pembeni. Yeye akapita.

Nilimtazama mgongo wake mpaka akafika mbele. Kisha ikawa zamu yangu, nikanyoosha mikono, mmoja juu ya mwingine, na haikuwa na kitu.

Nikwambie ukweli, sikusikia chochote. Nilitegemea joto au machozi, maana watu wanasimulia. Nilisikia dirisha linagongagonga kwa upepo nikawaza bawaba imelegea, mtu alete bisibisi.

Hilo likanitesa. Mimi nikiwasha mashine naisikia inawaka. Nikaona labda hii neema haijawaka. Siku mbili tatu kabla ya safari nikaenda shambani peke yangu. Sijui nilifuata nini. Nikapiga magoti kwenye tuta la kwanza, suruali safi, nikafukua kwa mikono. Nilitaka kuona kama nyasi zimeanza kuoza. Zilikuwa mbichi, kijani kabisa, kama zimefyekwa asubuhi ile.

Nikasikia baiskeli inaburuzwa na mguu, maana haina breki. Katekista.

"Umeangusha nini?"

"Naangalia kama zinaoza."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Akailaza baiskeli akaja.

"Tumefunika juzi."

"Najua tumefunika juzi."

"Sasa?"

"Nataka nione kitu kimoja tu kinachofanya kazi," nikamwambia. "Kimoja. Kwa daktari nasubiri, kwa Mungu nasubiri, nikinyoosha mkono sisikii kitu. Hapa nilidhani nitaona."

"Hutaona. Na ukifukua, linakauka, unajua."

Najua. Mtoto yeyote wa Kifipa anajua, bibi yangu alinichapa kwa kosa hilo hilo. Akapiga magoti upande wa pili, tukarudisha udongo. Haukukaa kama ulivyokuwa. Wanawake wale walikuwa wamepanga yale mabonge ya udongo kama matofali, sisi tulirundika tu.

"Nisiposikia kitu," nikamuuliza, "ni kwamba sina imani?"

Akafikiri, anapangusa mikono kwenye suruali. "Mkono ulinyoosha?"

"Nilinyoosha."

"Basi mimi sijui zaidi ya hapo, mwenzangu. Ningejua zaidi ningekuwa padre."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwenzangu tangu lile tofali.

Mbeya walimwingiza ndani asubuhi. Mimi nikatembea kwenye ule ujia mpaka askari wa mlangoni akaniambia mzee unawachosha wagonjwa, kaa. Nikakaa karibu na bwana mmoja kutoka milimani, mkulima, mkewe naye alikuwa ndani. Bwana yule alikuwa na rozari na hakuiachia. Alisali midomo inatembea bila sauti, mtulivu, uso kama maji ya ndoo. Mimi nilikuwa na simu mkononi, na kwenye simu namba ya muuza bati, nimeshaitafuta iko tayari, kidole juu yake. Nilikuwa nasema moyoni: nikipiga sasa hivi, nikaagiza, labda. Kisha naona kitenge cha mke wangu pale mlangoni pa kanisa, anarudisha bahasha kwenye gari, naishusha simu. Kisha naipandisha tena. Ndiyo sala yangu yote ya siku ile, kupandisha na kushusha simu.

Wangu alitoka. Walitoa uvimbe, na baadaye majibu yakaja kwamba si ule ubaya tuliouogopa. Mke wa yule bwana hakutoka. Nilimwona anakunja rozari anaiweka kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo.

Hili limekaa na mimi mpaka leo. Tuliporudi watu walikuja kunishika mkono kanisani. "Imani yako imemponya, mzee." Nilikuwa na hamu ya kusema ndiyo. Ningeiongeza kwenye orodha: baiskeli, mashine, fuso, na mke niliyemponya kwa imani. Lakini kama ni imani inayonunua, yule bwana ndiye aliyekuwa tajiri pale kwenye benchi na mimi nilikuwa maskini wa mwisho. Na aliyerudi na mke ni mimi. Nikamuuliza Padre. Akaniambia hajui kwa nini, na asingemwambia yule bwana neno lolote, angekaa naye tu. Jibu hilo halikunituliza, ila niliona hajanidanganya.

Bati niliziezeka, baadaye, Pasaka imeshapita zamani, bila masharti. Mvua ikinyesha wakati wa misa nazisikia juu yangu, na bado sijui kama pale juu nimelipa au nimetoa. Huwa nasimama nikatoka nje kidogo.

Mvua zilipoanza tukaenda kusambaza ntumba. Wanawake wakaja tena na madumu yao. Mke wangu alikuwa na jembe jepesi, wakamkataza, hakuwasikia. Kila tuta lilipovunjwa ulitoka udongo mweusi, laini, nyasi zimepotea kabisa. Akafika la kwanza. Akapiga jembe, zikatoka nyasi kavu, nyeupe, nzima.

"Hili nani kalichokonoa?"

Katekista akaanza kukohoa. Mimi, ambaye huwa sikosi neno, nikatazama ziliko milima.

Alinitazama. Akachota udongo mweusi kwenye matuta ya jirani, wa huku na wa huku, akautupa juu ya zile nyasi zangu, akachanganya kwa jembe, akamwaga ulezi hapo kama alivyomwaga kwingine.

Kesho yake asubuhi nilichukua funguo niende nikaangalie kama umeota. Najua haujaota, siku moja tu. Alikuwa mlangoni, hakuuliza naenda wapi. Alinipa dumu la njano la yule bibi, lilibaki kwenye gari letu.

"Pitia kwake umrudishie," akasema. Nilipofika kwenye geti akaniita. "Lirudishe tupu. Usiweke mafuta, usiweke sukari, usiweke kitu."

Nikaliweka kwenye kiti cha pembeni. Njia nzima ya kutoka mjini ni maduka, na wenye maduka wote wananijua, wananipungia. Kila nikipunguza mwendo dumu linagonga mlango, jepesi, halina kitu ndani. Nikafika kwa bibi nikampa. Akalipokea, akalitikisa, akanitazama usoni, akasema asante mwanangu. Nami nikabaki nimesimama pale uani kwake, sijui mikono niiweke wapi, mpaka akaniambia nikae.

Nikakaa.